Mwanangu ampenda mwalimu wake wa usemi, lakini vyeti vyake vyanitia shaka

BARUA

Bi Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, Mombasa. Mume wangu ni kibarua bandarini: siku za meli kuna pesa, siku nyingine twasubiri. Nakuandikia kwa ajili ya mwanangu wa pili, mvulana, ambaye ametimiza miaka minne mwaka huu.

Mtoto haongei kama wenzake. Si bubu. Hucheza, hucheka, na ukimtuma kijiko akuletea kijiko. Lakini maneno yake ni machache, na hayo machache hayaeleweki. Maji ni “mai”. Gari ni “ai”, chai ni “ai” vilevile. Akitaka kitu kilicho juu ya kabati hunivuta mkono mpaka pale. Dadake wa miaka saba ndiye mkalimani wetu; mgeni akija, mtoto hubwabwaja na msichana hueleza. Mwalimu wake wa chekechea amenidokezea kwamba huenda asivushwe darasa. Madrasa ndiko kubaya zaidi, maana akisoma alifu na bee, wenzake humwiga. Juzi alivua kofia yake akaitupa uvunguni ili asiende.

Wifi yangu ndiye aliyetupeleka kwa mwalimu mmoja wa usemi huko Tudor, rafiki yake tangu shule. Watu humwita daktari, naye huitikia. Ana chumba ghorofani na huvaa koti jeupe. Alituambia tulipe miezi mitatu kwa mkupuo, shilingi elfu moja kila kikao, na akaahidi kwamba Ramadhani ikiingia mtoto atakuwa anaongea vizuri.

Mimi hukaa kwenye benchi nje. Asema mzazi akiingia mtoto hudeka. Ila mlango haufungi vizuri, na niliyoyaona ni haya: mtoto apuliza mishumaa, apuliza puto, apakwa asali kando ya mdomo ailambe, kisha ulimi washikwa kwa kitambaa na kuvutwa. Halii. Tena ampenda mno huyo mwalimu. Tukifika chini ya jengo hunitangulia ngazi mbio. Mshumaa sasa auzima kwa pumzi moja. Maneno, nikisema kweli, sijasikia jipya isipokuwa “bai” ya kuagana.

Nilimuuliza kwa adabu alisomea wapi. Uso ulibadilika. Akaniambia, “Watoto niliowasemesha mimi hata siwezi kuwahesabu.” Ukutani kuna vyeti viwili ndani ya fremu: kimoja cha semina ya siku tano kuhusu watoto wenye mahitaji maalumu, kingine cha saikolojia ya watoto alichokipata mtandaoni. Cha usemi sikukiona.

Binamu yangu ambaye ni muuguzi akanielekeza kwa mtaalamu mwingine. Huyo huja Nyali mara mbili kwa mwezi kutoka Nairobi, na asema binamu kwamba ana shahada ya kazi hiyo. Kikao ni elfu tatu na mia tano. Tulienda. Alimsemesha mtoto kwa Kiingereza, mtoto akaingia chini ya meza akakataa kutoka. Alimwonyesha picha, moja ikiwa ya mtu aliyefinyangwa kwa theluji! Mimi akaniuliza maswali mengi, tangu mimba mpaka mafua na maumivu ya masikio, halafu akaandika ripoti ya kurasa mbili. Jambo la kwanza ndani yake ni kwamba mtoto apimwe masikio. Nilipomuuliza ataongea lini, akanijibu, “Siwezi kukuahidi, mama.”

Mume wangu aliposikia, akasema: “Yule mtoto ampenda, na ameahidi. Huyu mtoto amkimbia, na hata yeye hajui kama ataweza. Wataka nimlipe asiyejua?” Sikuwa na jibu.

Mavyaa wangu naye asema shida ni kimio, kile kinyama kinachoning’inia kooni, ni kirefu, na kuna mzee amjuaye awezaye kukikata. Wengine wanilaumu mimi: eti ni katuni za Kiingereza kwenye simu, na kwamba nyumbani twachanganya lugha, nichague moja. Nimewasikiliza wote mpaka kichwa chauma.

Nimshike yupi? Na nikimwacha huyu wa Tudor, wifi yangu nitamwambia nini? Pesa ya miezi mitatu tumeshalipa, na bado mwezi mmoja na kitu.

Mama mwenye shaka, Kisauni


JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Kabla ya vyeti na mishumaa, nirudi kwenye jambo ulilolipita haraka. Umesema ukimtuma kijiko akuletea kijiko, na akitaka kitu akuvuta mkono hadi pale kilipo. Mambo hayo mtaalamu yeyote wa usemi angeyaandika mwanzo kabisa wa daftari lake, kwa sababu kuelewa ni jambo moja na kutamka ni jingine, na mtoto anayetafuta njia ya kukufikishia haja yake ana kiu ya mawasiliano. Shikilia hilo siku watu wakikutisha. Ila lijaribu pia. Siku moja mtume kijiko ukiwa umempa mgongo, huangalii kabatini, hunyooshi mkono, husongi sufuria. Watoto ni hodari wa kusoma macho ya mama zao, na wengine huonekana wanasikia kila kitu kumbe wanafuata mkono.

Sasa niyaweke mbele yako kama nilivyoyaelewa, unisahihishe kama nimekosea. Una watu wawili. Mmoja yuko karibu, bei mwaimudu, mtoto ampenda, ni mtu wa wifi yako, na amekupa tarehe. Mwingine yuko ghali, haji kila wiki, mtoto alimkimbia, na alikataa kukupa tarehe. Na roho yako, ambayo ingepaswa kutulia kwa yule wa kwanza, haitulii. Ukiuliza nimshike yupi, mimi sitakuchagulia. Mtoto ni wako, na pesa inayotafutwa bandarini ni yenu. Lakini kuna mambo nyumbani kwenu yamehesabiwa upande ambao pengine siyo wake.

Anza na ahadi. Swali la mumeo ni la haki, na mtu anayelipwa kwa siku ana kila sababu ya kuuliza atapata nini. Fundi wa mlango akikwambia hajui kama mlango utafunga, utatafuta fundi mwingine. Ila usemi wa mtoto wa miaka minne wategemea mambo ambayo mtaalamu hajayaona bado: masikio yake, kuelewa kwake, jinsi ubongo unavyopanga mwendo wa ulimi na midomo, mwitikio wake kwa mazoezi. Marekani, ambako taaluma hii ina chama kikubwa kiitwacho ASHA, kanuni zao za maadili zamkataza mwanachama kumhakikishia mgonjwa matokeo ya tiba. Kwa hiyo yule wa Nyali aliposema hawezi kuahidi, alikuwa akitenda kama watu wa kazi yake wanavyofunzwa. Angeweza kulisema kwa ulimi laini zaidi, hilo nakubali. Angeweza pia kukwambia atakachoahidi: kwamba baada ya vikao kadhaa mtakaa mtazame kilichobadilika, na kama hakuna, atabadili njia. Hilo una haki ya kumdai.

Jambo la pili ni mshumaa. Umeandika kwa uaminifu kwamba mtoto sasa auzima kwa pumzi moja na neno jipya ni “bai” tu. Kwa miaka mingi mazoezi ya kupuliza, kulamba na kuvuta ulimi yametumiwa sehemu nyingi duniani, hata na waliosoma, kwa dhana kwamba mdomo ukipata nguvu maneno yatafuata. Watafiti wameyapima na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba yanamfanya mtoto atamke vizuri zaidi. Kusema hakutaki nguvu nyingi. Kwataka mpangilio wa haraka wa viungo vingi kwa pamoja, na mpangilio huo hujifunzwa kwa kusema kwenyewe, sauti na maneno. Mtoto anayepuliza mishumaa kila wiki atakuwa mpulizaji hodari wa mishumaa. Sisemi huyo mwalimu ana nia mbaya. Huenda alifunzwa hivyo kwenye semina na anaamini kwa dhati. Lakini kama lengo ni maneno, hesabuni maneno. Chukua daftari, andika kila neno mtoto analolisema mwenyewe bila kuigizwa, hata liwe limevunjika vipi, na tarehe pembeni. Daftari hilo litakufaa kwa mtaalamu yeyote utakayekwenda kwake, na litamjibu mumeo kuliko mimi.

Na kwamba mtoto ampenda? Hilo ni jambo zito, usilidharau. Mtoto asiyemtaka mtu hajifunzi kwake. Ila mtazame: chumbani kule kuna asali, puto na mtu anayemchekea. Nyali alikuta lugha ya kigeni na mtu asiyemjua, tena mara moja tu. Wengi huingia chini ya meza siku ya kwanza, na mtaalamu mzuri huketi sakafuni akamngoja huko huko chini. Swali ni atafanya nini siku ya pili.

Hapo kwenye lugha nakuunga mkono kabisa. Mtoto wa Kisauni apimwe kwa Kiswahili anachokisikia kwa mamake. Majaribio mengi ya usemi yalitungwa kwa watoto wa Kiingereza wa nchi za mbali, na alama zake haziwezi kusomwa moja kwa moja juu ya mwanao. Picha ya theluji yatosha kukuonyesha kwa nini. Mwambie waziwazi: naomba umsemeshe kwa Kiswahili, na kama hukiwezi vizuri, mimi nitakaa naye nicheze huku wewe ukitazama. Mpelekee video fupi ya simu, mtoto akicheza na dadake nyumbani asipojua anarekodiwa. Na mwambie mnasemaje kwenu. Mtoto akisema kitwa kwa kichwa na mtele kwa mchele kama nyanya yake, hajakosea, asije akarekebishwa kwa kumfuata nyanya yake.

Tuje kwa vyeti. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi mnaniandikia jambo hili.

Daktari ana baraza lake la kisheria, muuguzi ana la kwake. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha hapa Kenya wamejikusanya chini ya chama chao, ASLTK, na mzazi anaweza kukiuliza chama kama fulani ni mwanachama. Chama si bodi ya serikali, lakini ni pa kuanzia. Kituo chenyewe, yaani zahanati au kliniki, hupewa leseni na Baraza la Madaktari, KMPDC, na leseni hiyo haimaanishi kwamba kila aliye ndani amesomea usemi. Sheria ya Afya ya 2017 iliunda pia mamlaka ya kusimamia taaluma za afya, KHPOA, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi.

Wengi wa wataalamu hawa walisomea nje, na hilo hurahisisha uchunguzi kuliko mtu anavyofikiri. Akikwambia alisomea Uingereza, kule jina la kazi hii limelindwa kisheria na daftari la wanaoruhusiwa kuifanya liko kwenye tovuti ya HCPC, baraza lao la taaluma za afya. Unaandika jina, unaona. Afrika Kusini baraza hilo ni HPCSA. India ni Baraza la Urekebishaji, RCI. Marekani kwa kawaida huhitaji shahada ya uzamili. Jirani zetu Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza shahada ya fani hii mwaka 2008. Popote pale ni masomo ya miaka, na ndani yake kuna saa nyingi za kutibu chini ya macho ya mwalimu. Semina ya siku tano ni kitu kizuri kwa mwalimu wa chekechea au kwa mzazi kama wewe. Haimpi mtu uwezo wa kutambua kwa nini mtoto haongei.

Na hapa nikuulize na wewe. Huyu wa Nyali, shahada yake umeiona? Umeniambia “asema binamu”. Swali ulilomuuliza yule wa Tudor hadi uso ukabadilika, muulize na huyu, neno kwa neno: ulisomea wapi, shahada gani, na nikitaka kuthibitisha nimuulize nani? Mwenye nayo hujibu swali hilo mara nyingi na hawezi kukasirika. Muulize pia watoto wa umri huu wenye shida kama hii amewatibu wangapi, maana katika taaluma hii wako waliobobea kwa watu wazima waliopigwa na kiharusi, na wengine kwa kigugumizi. Shahada ni mlango tu. Aliye ndani naye atazamwe.

Sasa masikio. Kama ningekuwa na nafasi ya jambo moja tu katika barua hii, ningelitumia hapa. Mtoto anaweza kugeuka ukimwita, akacheza ngoma ikipigwa, akashtuka mlango ukigongwa, na bado asisikie vizuri. Mafua yanayorudi rudi huacha majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, bila usaha wala maumivu, na mtoto akawa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani nyuma ya ukuta: anajua kuna mtu anaongea, hapati herufi. S, f na sh ndizo hupotea kwanza. Hayo yakikutwa, yana tiba yake, na mazoezi ya usemi bila kuyatibu ni kumwaga maji mchangani. Kipimo hakiumi. Kwa umri wake hufanywa kama mchezo, akisikia mlio atumbukize kibao ndani ya bakuli, na kuna kifaa kidogo kinachopima mwendo wa kiwambo kwa sekunde chache. Anzia kliniki ya masikio, pua na koo, Coast General au hospitali nyingine iliyo karibu nawe, na uende na ripoti ya Nyali mkononi. Katika yote uliyoniandikia, hili halimtaki mtu amchague mwingine. Hata yule wa Tudor hapati sababu ya kulipinga, na akilipinga, jiulize kwa nini.

Nikirudi kwenye njia zilizo mbele yako, naona zaidi ya mbili.

Waweza kumalizia mwezi uliobaki Tudor, lakini ukiwa ndani ya chumba. Hilo la mzazi kukaa nje silipendi hata kidogo, kwa mtaalamu au asiye mtaalamu. Kweli wapo watoto wanaotulia zaidi mama akitoka, na mtaalamu anaweza kuomba hivyo kwa dakika chache. Lakini mlango uwe wazi, na baadaye uelezwe kilichofanyika na cha kufanya nyumbani. Mtoto asiyeweza kusimulia yaliyomfika ndiye wa kukaliwa karibu kuliko wote. Hatari ya njia hii ni wakati. Kwa kawaida mtoto wa miaka miwili huanza kuunga maneno mawili, na wa minne mgeni humwelewa sehemu kubwa ya anayoyasema. Mwanao yuko nyuma ya hapo, kwa hiyo ukiambiwa wavulana huchelewa, usitulie sana juu ya neno hilo.

Waweza kwenda Nyali peke yake. Hatari ni pesa kukatika katikati, mtoto akaonja tiba akaikosa. Kabla ya kusema hamuwezi, muulize: je, unaweza kutuona mara moja kwa mwezi, ukatuachia kazi za nyumbani? Je, vikao vingine vinaweza kufanywa kwa simu ya video? Wengi hukubali, na kwa mtoto mdogo kazi kubwa hufanywa na aliye naye kutwa. Atakufunza, kwa mfano, mtoto akisema “mai” usimwambie “sema maji vizuri!” bali umpe kikombe ukisema, “Maji. Maji baridi,” umwangalie, unyamaze kidogo umngoje. Hayo ni mafunzo unayoyalipia pia, si kikao tu.

Waweza kujaribu kuwaunganisha: Nyali apime na kupanga, Tudor acheze na mtoto kwa kufuata mpango. Imewahi kufaa kwa wengine. Yaweza pia kuwa vuta nikuvute, kila mmoja akimpinga mwenzake na mtoto katikati. Utajua kwa kumwonyesha yule wa Tudor ripoti. Akiisoma kwa hamu na kuuliza maswali, ni dalili moja. Akiifunga bila kuisoma, ni nyingine.

Na usisahau milango ya serikali. Hospitali ya rufaa uliza kama wana mtu wa tiba ya usemi au wanamfahamu wa kukuelekeza. Viko pia vituo vya kutathmini watoto kielimu, EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti itakuonyesha kilipo cha Mombasa. Kule wengi ni walimu wa elimu maalumu, si matabibu wa usemi, lakini karatasi yao itakusaidia kuzungumza na shule kabla mtoto hajarudishwa darasa bila sababu kujulikana.

Mavyaa wako mheshimu kwa yote, ila kimio kisiguswe. Kimio hakimzuii mtoto kutamka maji. Kukikata kwa wembe kumeleta damu isiyokoma na maambukizi kwa watoto wengi wa pwani hii na bara, na hapo nasema bila kuzunguka. Akitaka mtoto asomewe Kurani au anywe kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, hilo ni lenu na imani yenu, halizuii kipimo cha masikio. Mpe nafasi hiyo. Bibi aliyepewa nafasi hapigi vita hospitali. Kama kuna shaka juu ya ulimi au kaakaa, daktari huyo huyo wa masikio atamfungua mdomo aangalie.

Kuhusu katuni na lugha: lugha mbili hazimcheleweshi mtoto usemi. Mombasa ingekuwa mji wa mabubu. Msemeshe kwa lugha inayokutoka moyoni. Simu haikumletea haya, ingawa saa anazokaa nayo ni saa ambazo hajibiwi na mtu, hivyo kuipunguza hakudhuru. Dadake pia mwombeni taratibu asimjibie kila mgeni. Ni msichana mwema, lakini mtoto akitafsiriwa kila kitu hana haja ya kujaribu.

Mumeo usimpelekee mabishano ya nani ni bora. Mpeleke kwenye kikao. Akae ndani Tudor mara moja, na Nyali mara moja kama siku za kazi zitaruhusu, halafu mzungumze mkiwa mmeona kitu kimoja. Mpaka sasa anahukumu kwa masimulizi yako, na wewe kwa ulichochungulia mlangoni.

Wifi ndiye mgumu, najua. Alikusaidia wakati hukuwa na pa kwenda, na shaka yako juu ya rafiki yake ataisikia kama shaka juu yake. Pengine usianze na rafiki. Anza na kipimo: “Wifi, mtoto ametakiwa apimwe masikio hospitali, nisindikize.” Akiwa nawe pale, akasikia daktari kwa masikio yake, maneno mengi hutahitaji kuyasema wewe. Ukiamua kuondoka Tudor, mshukuru mwenyewe huyo mwalimu kwa upendo aliompa mtoto, maana huo ulikuwa wa kweli, na umwambie mnafuata mpango wa hospitali. Pesa ya mwezi uliobaki iulize kwa upole, mara moja, na uombe risiti ya mliyolipa kama hamkupewa. Hatakurudishia? Inawezekana. Mtapima wenyewe kama pesa hiyo ndiyo inayowafunga pale, au ni kitu kingine.

Majibu ya masikio yakitoka, niandikie tena, yawe ya heri au la. Na uniambie kijiko kilikuja ukiwa umempa mgongo?